Mlinda mlango: mpweke anayefanya kazi ya wote

Ndugu msomaji, pita jioni yoyote katika mitaa ya Temeke, Magomeni au Buguruni, nawe utawakuta watoto wamekwisha panga mawe mawili upande huu na mawili upande ule, mpira wa makaratasi umekazwa barabara kwa kamba, lakini mchezo haujaanza. Kinachouchelewesha si mpira wala si uwanja. Ni swali moja tu: nani atakaa golini? Kila mmoja ana udhuru wake. Huyu ni mshambuliaji, yule mguu unamwuma, mwingine alikaa jana. Mwisho wa mabishano hupelekwa aliye mdogo kuliko wote, au aliye mzito wa kukimbia, au yule mgeni aliyehamia mtaani wiki iliyopita na ambaye bado hana wa kumtetea.

Hata hivyo, mara moja moja hutokea mtoto ambaye hangoji kupelekwa. Huenda mwenyewe, akasimama katikati ya mawe yake, akainama kidogo, akafungua viganja, akangoja. Ukimwuliza kwa nini amependa mahali ambapo wenzake wote wanapakimbia, huenda asiwe na jibu la kukupa. Makala haya yanajaribu kulitafuta jibu hilo kwa niaba yake, maana hapana shaka kwamba katika nyumba nyingi za wasomaji wetu yumo mtoto wa namna hiyo, na wazazi wake hawajui wafurahi au wahofu.

SHERIA ILIYOMTENGA

Mpira wa miguu ni mchezo wa watu kumi na mmoja, lakini sheria zake zinamtenga mmoja wao. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chama cha Mpira cha Uingereza kilipoandika sheria zake za kwanza mwaka 1863, mlinda mlango hakutajwa kabisa. Alitajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1871, aliporuhusiwa kutumia mikono kulilinda lango lake. Kwa muda mrefu baada ya hapo aliweza kuushika mpira hata akiwa mbali sana na nguzo zake, mpaka mwaka 1912 sheria ilipombana na kumwambia kuwa mikono yake mwisho wake ni ndani ya eneo la adhabu. Kabla ya hapo, mwaka 1909, alikuwa amekwisha amriwa kuvaa fulana ya rangi nyingine ili mwamuzi aweze kumtambua. Basi tangu siku hizo akawa mtu mwenye mavazi yake, mwenye sheria zake, na mwenye mahali pake.

Hata ile adhabu inayomtisha kuliko zote, yaani penalti, ina historia inayostahili kukumbukwa. Aliyeipendekeza alikuwa William McCrum, mtu wa kijiji cha Milford huko Ireland, na yeye mwenyewe alikuwa mlinda mlango. Siku hizo mabeki walikuwa na desturi ya kumwangusha kwa makusudi mchezaji aliyekaribia kufunga, kwani adhabu yake ilikuwa nyepesi. Pendekezo la McCrum lilikubaliwa mwaka 1891. Kwa hiyo, ukimwona golikipa amesimama peke yake akikabili penalti, ujue kwamba fimbo hiyo ilichongwa na golikipa mwenzake, aliyeona kuwa haki ya mchezo ni kubwa kuliko usalama wa lango lake.

Sheria hazikuishia hapo. Mwaka 1992 alikatazwa kuushika kwa mikono mpira ambao mwenzake amemrudishia kwa mguu kwa makusudi. Mwaka 2025 ikaamuliwa kwamba akikaa na mpira mikononi kwa zaidi ya sekunde 8, timu ya pili ipewe kona. Nia ya sheria hizi ilikuwa kuuharakisha mchezo, na kwa hakika umeharakishwa. Lakini kila moja yake imemwongezea mzigo mtu yule yule mmoja. Babu yake katika kazi hii alitakiwa kujua kudaka na kupangua. Yeye leo anatakiwa ajue kudaka, kupangua, kutoa pasi kwa mguu wa kulia na wa kushoto kama beki, na kukata shauri huku washambuliaji wawili wakimkimbilia.

HESABU ZA LANGONI

Yafaa tufanye hesabu kidogo ili tuuone ukubwa wa kazi yenyewe. Lango la mpira lina upana wa meta 7.32 na kimo cha meta 2.44. Ukizidisha utapata karibu meta 18 za mraba. Chumba cha kupanga cha meta tatu kwa tatu, ambacho wafanyakazi wengi wa mijini wanakifahamu vizuri, kina meta 9 za mraba. Maana yake ni kwamba mlinda mlango anatakiwa kuziba nafasi inayolingana na vyumba viwili kwa mwili mmoja na mikono miwili.

Sasa tazama muda anaopewa. Alama ya penalti iko meta 11 kutoka mstari wa goli. Mpira uliopigwa kwa mwendo wa kilometa 100 kwa saa huzimaliza meta hizo kwa sehemu nne tu za kumi za sekunde. Huo ni muda usiotosha mtu kulitamka jina lake akalimaliza. Ndiyo sababu walinda mlango wengi hawangoji kuona mpira unakwenda wapi. Hukisia upande, wakaruka.

Watafiti wa Israel waliochapisha matokeo yao mwaka 2007 walizichunguza penalti 286 za ligi na mashindano makubwa. Waliona kwamba walinda mlango walibaki wamesimama katikati mara 6 tu hivi katika kila 100. Lakini ajabu ni hii: wale waliobaki katikati walizuia karibu thuluthi moja ya mikwaju, na walioruka kushoto au kulia hawakufikia mikwaju 15 katika kila 100. Kama kusimama kuna faida, kwa nini basi wasisimame? Jibu la watafiti hao halikuhusu miguu wala macho. Lilihusu lawama. Aliyeruka akafungwa huonekana amejitahidi, na watu humhurumia. Aliyesimama akafungwa huonekana mzembe, na watu humzomea. Bila shaka, kama walinda mlango wote wangeanza kusimama leo, wapigaji nao wangebadili shabaha yao kesho. Hata hivyo jambo lililodhihirika ni kubwa: golikipa hapambani na mpigaji tu, bali pia na macho ya maelfu waliokaa nyuma yake.

KUTOKA NA KUBAKI

Msomaji asiyefuatilia mpira anaweza kudhani kwamba kazi ya mlinda mlango ni kukaa langoni kungoja. Wanaoipenda kazi hii watakuambia kwamba utamu wake na sumu yake viko mahali pengine kabisa. Viko katika ile nukta ambapo mabeki wamepitwa, mpira uko kati yake na mshambuliaji, na yeye hana budi aamue kutoka au kubaki. Akibaki, anampa adui nafasi ya kuchagua kona. Akitoka, anawaokoa wenzake waliokwisha shindwa, lakini nyuma yake anaacha nyumba iliyo wazi. Hakuna wa kumshauri, na hakuna wa kumbadilisha. Katika mchezo mzima huyu ndiye mtu ambaye msaada wake kwa wenziwe huanza pale wenziwe wote wanapokuwa wamemalizika.

Mtu aliyeufundisha ulimwengu kutoka langoni ni Lev Yashin wa Urusi ya Kisovieti. Yashin alikuwa mtoto wa wafanyakazi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwa bado kijana mdogo, alifanya kazi kiwandani, na ni katika timu ya kiwanda ndipo kipaji chake kilipoonekana. Baadaye aliichezea Dynamo ya Moscow miaka yake yote. Alivaa nguo nyeusi, alitoka kwenda kuikata mipira ya juu kabla haijamfikia mshambuliaji, na aliwapigia kelele mabeki wake dakika zote tisini kuwapanga. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1962 nchini Chile, nchi yake ilipotolewa na wenyeji, Yashin alibebeshwa lawama, na wako walioandika kwamba amekwisha. Mwaka uliofuata, 1963, alipewa tuzo ya Mpira wa Dhahabu ya mchezaji bora wa Ulaya. Mpaka leo hakuna mlinda mlango mwingine wa kiume aliyeipata.

Lakini tusimsifu anayetoka bila kuisema gharama yake. Mwaka 1990 nchini Italia, katika mji wa Naples, Colombia ilikuwa ikicheza na Cameroon kugombea kuingia robo fainali ya Kombe la Dunia. Mlinda mlango wa Colombia, René Higuita, alikuwa mpenzi mkubwa wa kutoka. Siku hiyo, katika muda wa nyongeza, alitoka mbali na lango lake, akapokea mpira, akajaribu kumchenga Roger Milla. Milla, aliyekuwa na umri wa miaka 38, akamnyang'anya, akakimbia nao mpaka kwenye lango tupu. Cameroon ikashinda 2 kwa 1 na kuwa nchi ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali. Sisi Waafrika tuliruka kwa furaha, na haki yetu. Ni wachache siku hiyo waliomfikiria yule mtu mwenye nywele ndefu aliyekuwa akirudi langoni kwake polepole. Higuita aliukubali ukosa wake, wala hakuacha kutoka.

Miaka 24 baadaye, mwaka 2014 nchini Brazil, Manuel Neuer wa Ujerumani alitoka langoni mara nyingi katika mechi dhidi ya Algeria, akiisafisha mipira kwa miguu na kwa kichwa mbali nje ya eneo lake. Ujerumani ilishinda 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza, na baadaye ikalitwaa Kombe lenyewe. Magazeti ya dunia yakamwita Neuer mwalimu wa zama mpya. Tafakari, ndugu msomaji. Higuita na Neuer walifanya jambo lile lile, kwa ujasiri ule ule. Hatua moja au mbili za miguu ndizo zilizoamua kwamba mmoja aitwe mjinga na mwingine aitwe bingwa.

MWILI UNAOLIPA

Hatari ya kazi hii si ya jina tu. Ni ya mwili pia. Tarehe 5 Septemba 1931, katika uwanja wa Ibrox mjini Glasgow, John Thomson wa timu ya Celtic aliupiga mbizi mpira miguuni mwa mshambuliaji wa Rangers. Kichwa chake kikagonga goti la mwenzake. Alifariki usiku huo huo. Alikuwa na umri wa miaka 22. Haikuwa rafu, na hakuna aliyestahili kulaumiwa. Mpira ulikuwa wa wote wawili, na wote wawili waliufuata.

Mwaka 1956, katika fainali ya Kombe la FA huko Wembley, Bert Trautmann wa Manchester City alijitupa namna hiyo hiyo zikiwa zimebaki kama dakika 17. Aliumia shingo, akasimama akiyumba, akaendelea kudaka mpaka filimbi ya mwisho. Timu yake ilishinda 3 kwa 1. Siku chache baadaye daktari aliipiga picha shingo yake akagundua kwamba pingili ilikuwa imevunjika, na kwamba angeweza kufa uwanjani. Mtu huyu alikuwa Mjerumani, askari wa zamani aliyeletwa Uingereza akiwa mateka wa vita, na alipojiunga na timu hiyo mwaka 1949 maelfu ya watu waliandamana kumkataa. Miaka saba baadaye watu wa mji huo huo walimshangilia kama mtoto wao.

Wakati wetu huu tumemwona Petr Čech, aliyevunjika fuvu la kichwa mwezi Oktoba 2006, akiichezea Chelsea. Alirudi uwanjani baada ya miezi michache akiwa amevaa kofia laini ya kukinga kichwa, na hakuivua katika mechi mpaka alipostaafu mwaka 2019.

SHUKRANI YA PUNDA

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na pengine hakuna mtu katika michezo anayeijua methali hiyo kama mlinda mlango. Mshambuliaji akikosa magoli matano akafunga moja, hubebwa mabegani. Golikipa akiokoa matano akafungwa moja, huulizwa habari za lile moja.

Kisa cha kusikitisha kuliko vyote ni cha Moacyr Barbosa wa Brazil. Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã uliojaa watu wanaokaribia laki mbili, Brazil ilihitaji sare tu dhidi ya Uruguay ili itwae Kombe la Dunia. Brazil ilitangulia kufunga, Uruguay ikasawazisha. Zikiwa zimebaki dakika 11, Alcides Ghiggia aliteremka upande wa kulia. Lile goli la kwanza la Uruguay lilikuwa limetokana na krosi yake, kwa hiyo Barbosa alisogea hatua moja mbele kuingojea krosi nyingine. Ghiggia akauona mwanya ule mdogo kati ya kipa na nguzo, akapiga hapo. Uruguay ikashinda 2 kwa 1.

Barbosa alikuwa ameamua kwa akili na kwa haraka, kama kazi yake ilivyomtaka. Hata hivyo nchi nzima ilimwekea yeye msiba ule, ijapokuwa timu ilikuwa na watu kumi wengine, na ijapokuwa Ghiggia alikwisha mpita beki kabla ya kumfikia yeye. Alipokuwa mzee alisema kwamba kifungo kirefu kuliko vyote katika sheria za Brazil ni miaka 30, lakini yeye ametumikia zaidi ya hapo kwa kosa hilo moja. Alifariki mwezi Aprili 2000. Goli lile lilikuwa limemfuata kwa nusu karne.

Nasi Waafrika tunacho kisa chetu. Mwaka 1974 Zaire, waliokuwa mabingwa wa Afrika, walikwenda Ujerumani ya Magharibi kwenye Kombe la Dunia. Golini alisimama Kazadi Mwamba, aliyechezea TP Mazembe ya Lubumbashi. Katika mechi ya pili, dhidi ya Yugoslavia, wachezaji waliingia uwanjani wakiwa wamevunjika moyo, kwa kuwa, kama baadhi yao walivyoeleza baadaye, walikuwa wameambiwa posho zao hazitalipwa. Baada ya dakika 20 hivi walikuwa wamekwisha fungwa magoli 3. Mwalimu akamtoa nani? Akamtoa mlinda mlango. Tubilandu aliyeingia badala yake akafungwa magoli 6, na mechi ikaisha 9 kwa 0. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba ugonjwa haukuwa mikononi mwa Kazadi. Nyumba inapovuja paa lote, hufai kuulaumu mlango.

KWA NINI WANAIPENDA

Baada ya yote hayo, swali letu la mwanzo linazidi kuwa gumu. Hata hivyo wapenzi wa kazi hii wapo, na wengine waliichagua kwa hiari. Gianluigi Buffon wa Italia alikuwa mchezaji wa ndani alipokuwa mtoto. Mwaka 1990 alipomwona Thomas N'Kono wa Cameroon akidaka katika Kombe la Dunia, alitamani kuwa kama yeye, akahamia golini. Mwaka 2006 Buffon alikuwa bingwa wa dunia, na mwanawe wa kwanza alimpa jina la Thomas pamoja na la Louis kwa heshima ya Mwafrika huyo. N'Kono mwenyewe, katika Kombe la Dunia la mwaka 1982 nchini Hispania, alicheza mechi tatu akafungwa goli moja tu, na Cameroon ikarudi nyumbani bila ya kushindwa.

Mwingine ni mwandishi Albert Camus, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1957. Alikulia katika umaskini mjini Algiers, na alikuwa mlinda mlango wa timu ya vijana mpaka kifua kikuu kilipomtoa uwanjani mwaka 1930 akiwa na miaka 17. Husimuliwa kwamba bibi yake alikuwa akizikagua soli za viatu vyake kila jioni, na kwamba golini viatu huchakaa polepole. Sababu hiyo inaweza kukuchekesha, lakini mzazi anayenunua viatu vya shule kila mwaka hatacheka sana. Alipokuwa mtu mzima Camus alisema kwamba mengi aliyoyajua kuhusu wajibu na maadili ya watu aliyapata katika mpira.

Na hapa nadhani tunalikaribia jibu. Mlinda mlango ndiye mchezaji pekee anayeuona uwanja wote mbele ya uso wake. Anaiona hatari ikizaliwa kabla beki hajaigeukia, na sauti yake huweza kuizima kabla haijawa shambulio. Kazi yake iliyo bora kabisa haionekani na mtu: ni lile goli ambalo halikukaribia kufungwa, kwa kuwa alimwita beki asogee hatua mbili. Yuko kama mlinzi wa zamu ya usiku, ambaye usiku wake mzuri ni ule usio na habari. Wako watu walioumbwa kuipenda furaha ya namna hiyo, iliyo kimya.

Kisha ipo furaha ya pili, isiyo kimya hata kidogo. Tarehe 7 Juni 1970, mjini Guadalajara, Pelé aliupiga mpira kwa kichwa kuelekea chini kwenye kona ya lango, akaanza kushangilia. Gordon Banks wa Uingereza alivuka lango lote, akaufikia ulipodunda, akaurusha juu ya mwamba. Uingereza ilifungwa 1 kwa 0 siku hiyo, lakini hata leo mechi hiyo hukumbukwa zaidi kwa mpira ambao haukuingia. Na mwaka 2010 huko Abu Dhabi, Kidiaba Muteba wa TP Mazembe, timu ya Lubumbashi, aliisaidia klabu yake kuifunga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, jambo ambalo hakuna klabu ya nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyokuwa imelifanya. Alishangilia kwa kurukaruka akiwa ameketi kitako, na watoto wa Afrika nzima wakamwiga wakachana kaptura zao.

Tusiwasahau wasichana. Chiamaka Nnadozie wa Nigeria amesimulia kwamba baba yake hakutaka acheze mpira kwa kuwa ni msichana. Mwaka 2019, akiwa na miaka 18, alidaka katika Kombe la Dunia la wanawake na kumaliza mechi dhidi ya Korea ya Kusini bila kufungwa. Mwaka 2023 aliizuia penalti ya Christine Sinclair wa Canada, mfungaji mwenye magoli mengi kuliko wote katika mechi za mataifa, na Nigeria ikapata sare.

Hapa kwetu, wazee wa mpira hawajawasahau Athumani Mambosasa na Juma Pondamali wa enzi za Taifa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Pondamali baadaye aligeuka mwalimu wa walinda mlango. Ilichukua miaka 39 Tanzania kurudi katika mashindano hayo, mwaka 2019 huko Misri, naye Aishi Manula akawa langoni. Kazi hii ya upweke, kumbe, hurithishwa mkono kwa mkono.

KWA WAZAZI

Basi mzazi mwenye mtoto anayekipenda kipande hicho cha uwanja afanyeje? Kumkataza si dawa. Atakwenda kudaka mtaa wa pili. Yako mambo machache ya kumsaidia.

La kwanza ni mahali. Kabla ya mchezo watoto waokote chupa, misumari na mawe mbele ya goli, maana yeye ndiye atakayeanguka hapo. Kama goli ni la chuma na halikuchimbiwa ardhini, likazwe kwa mizigo, na mtoto asining'inie kwenye mwamba wake. Magoli ya namna hiyo yamewahi kuwaangukia watoto na kuwaua katika nchi mbalimbali.

La pili ni kuanguka. Kuanguka ni elimu, nayo huanza chini. Aanze akiwa amepiga magoti, kwenye mchanga wa pwani au kwenye majani, ajifunze kutua kwa ubavu wa paja na bega, si kwa kiwiko wala kwa tumbo. Fulana ya mikono mirefu na suruali nene humfaa zaidi kuliko glavu za bei kubwa.

La tatu ni kichwa na vidole. Mtoto akigongwa kichwa, kisha akatapika, akalalamika kichwa kinamwuma, akasahau alipo au akawa na usingizi usio wa kawaida, asirudi uwanjani siku hiyo hata akisihi, na apelekwe hospitali mara moja. Kidole kikitenguka kisivutwe na jirani anayejidai fundi; apelekwe kwa mganga mwenye ujuzi.

La nne ndilo lililo jepesi kwa gharama na zito kwa utekelezaji. Ni maneno yetu. Mtoto anaporudi jioni amechubuka viwiko, kwa kawaida tunamwuliza, "Mmefungwa mangapi leo?" Swali hilo ndilo lililomwandama Barbosa miaka hamsini. Mwulize aliokoa mangapi, na lile lililoingia aliliona kutoka wapi, na beki wake alikuwa amesimama wapi. Mfundishe kulitazama kosa kama fundi anavyoitazama mashine iliyoharibika: atafute lilipoanzia, alitengeneze, arudi kazini. Na sisi wenyewe tukienda uwanjani Jumapili, kabla ya kumzomea yule mtu wa fulana ya rangi nyingine, tuhesabu kwanza ni wachezaji wangapi mpira ule ulikwisha wapita kabla ya kumfikia yeye.